Kusafiri katika nchi jirani: linda karatasi zako, afya yako na watu unaosafiri nao

Watu wanaoishi katika kambi na makazi ya wakimbizi husafiri kama watu wengine. Mmoja anakwenda kumzika ndugu, mwingine anamfuata mtoto waliyepotezana, mwingine anakwenda kununua bidhaa, kusoma au kutibiwa. Makala haya ni kwa yeyote anayesafiri Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi au mashariki ya Congo akiwa mgeni katika nchi hiyo.

Kuna jambo moja utakaloliona katika kila sehemu: njiani, kuchelewa kunaumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Malaria ambayo ingetibiwa kwa vidonge vya siku tatu hugeuka ugonjwa wa kulazwa kwa sababu mgonjwa aliogopa kuulizwa karatasi, au alitaka afike kwanza ndipo atafute daktari. Ukijiandaa kabla ya kuondoka, hutakuwa na sababu ya kuchelewa.

KABLA YA KUONDOKA

Uliza kama unaruhusiwa kusafiri

Sheria hazifanani, hata kama nchi zinapakana.

Uganda: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea ndani ya nchi, kwa masharti yaliyomo katika sheria. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi kila mara, hata kama unatoka Nakivale kwenda Mbarara tu.

Kenya: Anayeishi Kakuma, Kalobeyei au Dadaab anahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kabla ya kutoka nje ya eneo la kambi.

Tanzania: Wakimbizi wanaoishi kambini hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Anayekamatwa nje bila kibali anaweza kufikishwa mahakamani. Omba kibali mapema, na soma tarehe ya kurudi iliyoandikwa juu yake.

Kuvuka mpaka ni jambo jingine. Kitambulisho cha mkimbizi si pasipoti. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka baina ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa, lakini ruhusa hiyo haimhusu mwenye kitambulisho cha mkimbizi. Karatasi inayomwezesha mkimbizi kuvuka mpaka kwa halali ni hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotolewa chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Huombwa kwa serikali ya nchi inayokupa hifadhi, na huchukua muda. Msiba hausubiri, kwa hiyo kama unajua una jamaa ng'ambo ya mpaka, anza kuiomba kabla hujaihitaji.

Ukiipata, soma mambo mawili. La kwanza ni tarehe ya mwisho ya kurudi. Nchi iliyotoa hati huahidi kukupokea tena katika muda ambao hati ni halali, lakini wakati mwingine muda wa kurudi huwa mfupi kuliko muda wa hati yenyewe. La pili ni nchi ambazo hati hiyo hairuhusu. Kwa kawaida haikubali kurudi katika nchi uliyoikimbia. Kurudi huko, hata kwa mazishi, kunaweza kufanya hadhi yako ya ukimbizi ichunguzwe upya. Zungumza na ofisi ya UNHCR au mshauri wa sheria kabla, si baada.

Uliza kama mpaka uko wazi

Mipaka ya eneo letu hufungwa na kufunguliwa. Mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa mwaka 2019, ukafunguliwa tena Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Usitegemee habari ya mtu aliyepita mwaka jana. Uliza kampuni ya basi siku mbili kabla ya safari, na uliza pia mpaka unafungwa saa ngapi usiku.

Usipite njia za panya. Mtu akikudhuru huko, hakuna anayejua kwamba ulipita. Ndiko wanawake na wasichana wanakobakwa, na ndiko watu wanakovuka mito usiku bila kujua kina chake. Tena hutakuwa na muhuri wa kuingia, na jambo hilo litakusumbua siku zote za kukaa kwako.

Usipoteze nafasi yako nyumbani

Kabla ya kukata tiketi, uliza kama kuna uhakiki wa majina, ugawaji wa chakula, au mahojiano yoyote katika siku utakazokuwa mbali. Asiyeonekana wakati wa uhakiki, jina lake linaweza kusimamishwa. Kama kesi yako ya kuhamishiwa nchi ya tatu inaendelea, toa taarifa kwamba unasafiri na acha namba ya simu inayopatikana. Kumbuka pia kwamba huduma zote za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, ni za bure. Anayekuambia ulipe ili "faili lisogee" ukiwa safarini ni mwizi.

Acha nakala, na acha mtu anayejua

Piga picha ya kitambulisho, hati ya kusafiria, karatasi ya familia, kadi za chanjo na karatasi za hospitali. Tuma picha hizo kwa mtu mmoja unayemwamini. Beba nakala za karatasi mbali na karatasi zenyewe: moja mfukoni, nyingine ndani ya begi.

Mtu huyo mmoja ajue mambo manne: basi unalopanda, siku unayotarajia kufika, namba ya simu ya mwenyeji wako, na saa utakayompigia. Kubalianeni afanye nini asipokusikia kwa siku nzima. Si kuogopeshana. Mtu anapopata ajali mbali na kwao, mara nyingi jamaa huchukua siku nyingi kujua yuko hospitali gani.

Andika namba mbili muhimu kwenye karatasi. Simu huzimika, huibwa au huanguka majini. Karatasi iliyo ndani ya soksi haiishi chaji.

CHANJO NA DAWA

Homa ya manjano

Beba kadi ya njano. Nchi kadhaa za eneo letu huiomba mpakani. Chanjo huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usisubiri siku ya safari. Tangu Julai 2016, cheti cha chanjo hii ni halali kwa maisha yote. Mtu akikuambia kadi yako imekwisha kwa sababu ina zaidi ya miaka 10, mweleze hivyo kwa upole. Usinunue kadi kwa mtu wa stendi. Kadi bila chanjo haimzuii mbu.

Kwa watoto, hakikisha chanjo za kawaida zimekamilika, hasa surua. Surua husambaa kwa haraka pale watu wengi wanapolala pamoja.

Dawa za kila siku

Kama unatumia dawa za VVU, kifua kikuu, kisukari, presha au kifafa, nenda kliniki wiki mbili kabla ya safari. Omba vitu viwili: dawa za siku zote za safari pamoja na akiba ya wiki mbili, na barua fupi yenye jina la dawa na kipimo. Omba waandike jina halisi la dawa, si jina la kampuni, kwa sababu kidonge kile kile huuzwa kwa majina tofauti Kampala, Kigali na Bujumbura.

Weka dawa kwenye mfuko unaokaa nao, si kwenye begi linalowekwa juu au chini ya basi. Begi likipotea, nguo utanunua nyingine. Dawa za VVU au za kifua kikuu zikikatizwa, ugonjwa unaweza kujifunza kuzishinda. Zikikuishia au zikiibwa, nenda kituo cha serikali kilicho karibu siku hiyo hiyo, onyesha barua au hata pakiti tupu, na ueleze kwamba uko safarini.

Insulini isikae juani wala isigande. Ifunge kwa plastiki, kisha kwa kitambaa chenye unyevu, na iweke kivulini. Dirisha la basi ni mahali pabaya kuliko pote.

Mwanamke anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu aangalie tarehe inayofuata kabla ya kuondoka. Mjamzito abebe kadi yake ya kliniki hata kama safari ni ya siku mbili.

BARABARANI NA MAJINI

Magari hupita upande gani?

Uganda, Kenya na Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Congo hupita kulia. Ukivuka mpaka, macho yako bado yana mazoea ya ulikotoka, na gari litakuja upande usioutazama. Tazama pande zote mbili, kisha tazama tena. Mfundishe mtoto jambo hili mkiwa bado ndani ya basi.

Jihadhari pia unaposhuka. Congo na Burundi kuna magari mengi yenye usukani wa kulia ingawa magari hupita kulia. Mlango wa abiria wa magari hayo hufungukia katikati ya barabara. Usifungue kabla ya kutazama nyuma.

Basi na pikipiki

Safiri mchana kama inawezekana. Ukiweza kuchagua, usikae kiti cha mbele kabisa, na funga mkanda kama upo. Dereva akikimbiza gari, abiria wakisema kwa sauti moja husikilizwa kuliko mmoja anayelalamika peke yake.

Kwenye pikipiki, iwe unaiita bodaboda au moto, omba kofia ngumu na uifunge kamba ya kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Usikubali kupakiwa watu watatu. Usipande na mtoto mchanga mgongoni huku kichwa chake kikiyumba; afadhali muda mrefu ndani ya gari. Patana bei kabla ya kupanda, na mtumie jamaa yako namba ya pikipiki.

Ndani ya basi usile wala usinywe kitu ulichopewa na mtu usiyemjua, hata kama naye anakula. Wezi huwalewesha abiria kwa biskuti, juisi na soda, kisha hushuka na mabegi. Usikubali kubeba mzigo wa mtu mwingine kuvuka mpaka. Ukikutwa na mzigo, ni wako.

Boti

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaona nchi kavu. Makumi walikufa. Boti ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Kuona ufuko hakuokoi mtu asiyejua kuogelea.

Kabla ya kupanda boti Ziwa Kivu, Tanganyika au Victoria, uliza jaketi la kujiokolea liko wapi na ulivae tangu mwanzo. Boti likiwa limezama chini karibu na ukingo wa maji, au watu wakisimama kwa kukosa nafasi, shuka. Nauli ya siku moja hupatikana tena.

Saa

Uganda, Kenya na Tanzania ziko saa moja mbele ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo. Ikiwa ni saa tisa mchana Kampala, Kigali ni saa nane. Simu yako inaweza kubadilika yenyewe au isibadilike, kwa hiyo uliza.

Tiketi huandikwa kwa namna ya saa 24. "07:00" ni saa moja asubuhi na "20:00" ni saa mbili usiku. Watu wengi wamekosa basi kwa kufika saa saba mchana. Kosa hilo hilo hutokea kwenye dawa. Ukiandikiwa dawa saa 8 na saa 20, muulize muuguzi: "Asubuhi na usiku, sivyo?" Dawa ya kila baada ya saa 12 ni mara mbili kwa siku.

MAJI, CHAKULA NA KUHARA

Chemsha maji mpaka yatokote vizuri kwa dakika 1; katika sehemu za juu sana za milima, dakika 3. Kama huwezi kuchemsha, tumia vidonge vya kusafishia maji kwa kufuata maelezo ya pakiti, au nunua chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Maji yanayoonekana meupe si lazima yawe salama.

Kula chakula kilichopikwa sasa hivi na bado ni cha moto. Tunda unaloweza kumenya mwenyewe ni salama kuliko lililokatwa na kupangwa mezani. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Kipande kidogo cha sabuni ndani ya mfuko wa plastiki hakina uzito.

Mtu akianza kuhara, kinachomuua haraka ni kupoteza maji. Mpe ORS. Kama huna, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita ukingo, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, hata kama anatapika. Subiri dakika 10 kisha endelea. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto huhitaji pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ambavyo hutolewa kituo cha afya.

Kuhara kunakofanana na maji ya mchele, kwingi na kwa ghafla, kunaweza kuwa kipindupindu. Hapo usingoje kesho. Endelea kumpa ORS mkiwa njiani kwenda kituo.

MALARIA: HOMA NI DHARURA

Waliokulia kwenye joto husema, "Malaria tumeizoea." Mazoea hayo hayakai mwilini daima. Aliyeishi miaka kadhaa mahali penye mbu wachache, kama milimani au katikati ya Nairobi, hupoteza sehemu ya kinga yake. Akishuka kwenye bonde au kando ya ziwa, malaria humshika kwa nguvu kama mgeni. Walio hatarini zaidi ni wajawazito na watoto chini ya miaka mitano.

Beba chandarua chako chenye dawa. Nyumba ya wageni au nyumba ya msiba mara nyingi haina cha kutosha. Vaa mikono mirefu kuanzia jioni.

Homa ikianza, pima ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka hutumia tone moja la damu na majibu hutoka kabla ya nusu saa. Paracetamol hushusha homa lakini haiui malaria. Homa ikishuka usidhani umepona.

Ukikutwa na malaria ya kawaida, mara nyingi utapewa dawa mseto ya artemether na lumefantrine, dozi 6 kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ili dawa iingie vizuri mwilini. Maliza zote hata ukijisikia vizuri siku ya pili. Usigawane dozi na mwenzako: nusu dozi haimponyi yeyote. Mjamzito amwambie mhudumu kwamba ana mimba kabla ya kupewa dawa yoyote.

Usinunue dawa kwa wachuuzi wanaopanda basi. Nenda duka la dawa au kituo.

Dalili za kukimbilia hospitali mara moja

Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Ana degedege. Amelegea sana, hazinduki au hatambui watu. Anapumua kwa shida. Mkubwa amechanganyikiwa, hawezi kukaa, au mkojo wake umekuwa mweusi. Mjamzito anatoka damu, ana maumivu makali ya kichwa au macho yake yanaona ukungu.

Ukiona moja kati ya hizi, safari imeishia hapo. Shukeni kwenye mji ulio karibu.

MSIBA, EBOLA NA MPOX

Safari nyingi za ghafla ni za msiba, na msibani ndiko magonjwa mengine husambaa. Ebola hupita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Januari 2025 ilitangazwa tena Kampala, na mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha Aprili mwaka huo. Congo imeupata ugonjwa huu mara nyingi. Unapokwenda mazishi mahali palipotangazwa Ebola, usioshe maiti, usiiguse, na usitumie nguo wala shuka za marehemu. Waache watu wa afya wazike kwa heshima na usalama. Hakuna marehemu anayetaka ndugu zake wamfuate.

Mpox hupita hasa kwa kugusana ngozi na mtu mwenye vipele, pamoja na kulala kitanda kimoja au kujamiiana. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya kimataifa baada ya kuenea kutoka Congo hadi nchi jirani. Ukipata vipele na homa, usijifiche; nenda ukapimwe na usilale na wengine.

Mpakani unaweza kupimwa joto na kuambiwa unawe mikono. Kubali. Ukiwa na homa, sema. Kumeza paracetamol ili upite kipimo ni kuwapelekea jamaa zako ugonjwa.

USIOGOPE KITUO CHA AFYA

Hapa ndipo wengi huchelewa. Wahudumu wa afya si maofisa wa uhamiaji. Kazi yao ni kutibu. Uganda, mkimbizi anapokewa katika vituo vya serikali kama raia. Nchi nyingine unaweza kuombwa kulipa, kwa hiyo uliza kwanza bei ya kupima na ya kulazwa, na uombe risiti. Lakini kwa dalili za hatari zilizotajwa juu, ingia kwanza, mengine yatazungumzwa mgonjwa akiwa kitandani.

Sema ukweli kuhusu ulikotoka na siku ulizosafiri. Mhudumu akijua ulikuwa kando ya Tanganyika wiki iliyopita, atajua apime nini.

Maneno machache husaidia pale Kiswahili kisipoeleweka. Kwa Kiganda: "Ndi mulwadde" ni naumwa, "omusujja" ni homa, "eddwaliro" ni hospitali. Kwa Kinyarwanda na Kirundi: "Ndarwaye" ni naumwa, "mfasha" ni nisaidie, "ibitaro" ni hospitali. Kwa Kifaransa: "Je suis malade" ni naumwa.

UKIDHURIWA

Aliyebakwa, mwanamke au mwanamume, afike kituo cha afya haraka awezavyo. Dawa ya kuzuia VVU hufanya kazi ikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Matibabu hayapaswi kungoja karatasi ya polisi. Kama utataka kushtaki, usifue nguo ulizovaa. Ziweke kwenye karatasi au kitambaa, si plastiki. Kosa si lako, hata kama ulipita njia isiyo halali.

Ukikamatwa, tulia. Usikimbie na usitoe karatasi ya mtu mwingine. Sema wewe ni mkimbizi, na omba ofisi ya UNHCR au ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi ijulishwe: Ofisi ya Waziri Mkuu nchini Uganda, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi nchini Kenya, MINEMA nchini Rwanda, ONPRA nchini Burundi, CNR nchini Congo, na Wizara ya Mambo ya Ndani nchini Tanzania. Usiweke saini kwenye maandishi usiyoyaelewa, omba mkalimani.

Jihadhari na mtu anayekuahidi kazi ya nyumbani au ya hoteli katika nchi nyingine, anayelipa nauli yako yote na kuomba akutunzie hati. Hati yako hukaa kwako. Anayeishika ameshika miguu yako.

Namba za dharura: Uganda na Kenya, 999 au 112. Tanzania, 112. Rwanda, 112 kwa polisi na 912 kwa gari la wagonjwa. Kwa mtoto aliye hatarini, 116 hufanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania. Burundi na Congo, muulize mwenyeji wako namba ya polisi na ya kituo cha afya siku ile ile unayofika.

WATOTO

Mtoto asiye wako asisafiri nawe bila barua ya mzazi au mlezi, na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo. Bila hiyo mnaweza kutenganishwa mpakani. Mfundishe mtoto jina lake kamili, jina la mama, na jina la kambi au makazi mnakoishi. Aliye mdogo sana, mwandikie namba ya simu kwenye karatasi na ishone ndani ya nguo. Kabla ya kila stendi, mwonyeshe mahali mtakapokutana mkipotezana.

BAADA YA KURUDI

Malaria huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza, na Ebola inaweza kuchukua hadi siku 21. Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, nenda kituo na useme mara moja, "Nilisafiri," kisha utaje mahali. Rudisha kibali chako ofisini, na hakikisha jina lako bado lipo kwenye orodha ya familia.

USIKU WA MWISHO KABLA YA SAFARI

Weka vitu hivi mezani, uvihesabu:

• Kitambulisho au hati ya kusafiria, kibali, na nakala zake
• Kadi ya njano na kadi za watoto
• Dawa za kila siku pamoja na akiba, na barua ya kliniki
• ORS pakiti nne, paracetamol, sabuni, chandarua
• Pesa iliyogawanywa sehemu mbili, na kidogo ya nchi unayokwenda
• Karatasi yenye namba mbili za simu
• Chupa ya maji na chakula cha njia nzima

Kisha mpigie yule mtu mmoja na umwambie: basi gani, saa ngapi, na nitakupigia lini. Asipopata simu yako, atajua pa kuanzia kukutafuta.